Barua kwa mwanangu: kabla hujafika Lisbon

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku Mombasa hatujambo, na bibi yako anakuombea safari njema. Swali lako nimelipata. Umesema utakuwa na siku tatu Lisbon, kila unachosoma kinasifu "enzi ya ugunduzi", nawe unauliza uishike vipi historia ya Ureno, wewe uliyekua ukicheza chini ya kuta za Fort Jesus, ngome waliyoijenga Wareno.

Anza na dhahabu, mama. Kaburi la Vasco da Gama liko mtaa wa Belém na mabasi yote ya watalii huelekea huko, liache kwanza. Nenda Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa ya kale, uulizie Custódia de Belém. Ni chombo cha dhahabu ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi, kimezungukwa na mitume kumi na wawili waliopiga magoti. Kisha inama usome maandishi ya kwenye kitako. Yanasema mfalme Manuel wa Ureno aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quíloa, na kilikamilika mwaka 1506.

Quíloa ni Kilwa. Kilwa alikozaliwa bibi yako.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga pale na merikebu za vita, akamtishia mtawala wake, Amiri Ibrahim, mpaka akatoa dhahabu, ile iliyokuwa ikifika Kilwa kwa biashara ya Sofala, bandari ya Msumbiji. Haikutosha. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliiteka Kilwa, kisha akaja akaichoma Mombasa yetu. Chombo chenyewe nimekiona pichani tu, na kila nikikitazama moyo huwa mzito. Lakini ni kizuri, na usione vibaya kukiri hivyo. Fundi anayetajwa, Gil Vicente, alikuwa na mkono wa ajabu.

Ukishakiona, hapo sasa nenda Belém. Monasteri ya Jerónimos ilianza kujengwa mwaka 1501, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye ushuru wa biashara ya Afrika na Asia. Utayatazama yale mawe yaliyochongwa kama kamba za jahazi ukijua nani alilipa.

Usidhani lakini kwamba Ureno ilianzia baharini. Waislamu waliingia rasi ya Iberia, yaani Ureno na Hispania, mwaka 711, na Lisbon ilibaki mikononi mwao hadi 1147, Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipoitwaa akisaidiwa na wapiganaji wa Msalaba. Athari zao hazikufutika. Jimbo la kusini linaitwa Algarve, yaani al-Gharb, neno moja na magharibi yetu. Katika vichochoro vya Alfama, mtaa wa zamani wa Lisbon, utadhani uko Mji wa Kale. Mreno akitamani jambo husema "oxalá", na wewe utalisikia jina la Mungu ndani yake. Sukari kwake ni açúcar. Nasi tukachukua kwao meza, leso na bendera, na hata gereza, ambalo kwao lilikuwa igreja, kanisa.

Siku ya mwisho panda hadi Largo do Carmo. Pale pana kanisa lisilo na paa. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa kwenye ibada, ardhi ilitetemeka, bahari ikapanda, moto ukamalizia. Mji wa chini unaouona leo, wenye barabara zilizonyooka, ulijengwa upya na Marquês de Pombal, waziri wa mfalme.

Pembeni ya kanisa hilo kuna kambi ya askari. Humo ndimo waziri mkuu Marcelo Caetano alimosalimu amri tarehe 25 Aprili 1974, na udikteta wa miaka 48 ukaanguka. Maofisa waliompindua walikuwa wamechoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Sasa kumbuka kwamba FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifundishwa Nachingwea, kusini huko huko iliko Kilwa. Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975, lakini Wareno walikuwa wamepata wao mwaka mmoja kabla, na vijana wa Kiafrika walikuwa wameulipia pia. Wareno wengi wanalijua hilo. Kaa nao, zungumza nao, usiende na kinyongo.

Nakuomba jambo moja. Pale makumbusho, wakikuruhusu, piga picha ya maandishi ya kitako, karibu kabisa, herufi zisomeke. Bibi yako haoni vizuri siku hizi, nami nataka nimsomee.

Baba yako