Rimu za inchi 17 kwenye Toyota Premio: weka tairi za 225/45

Mdau, kama Premio yako ilikuja na tairi za 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15) na rimu ulizonunua ni inchi 17 kwa upana wa 8, hiyo 205/50 anayokushauri muuzaji ikatae. Kwa rimu pana hivyo inavutwa kupita kiwango, shimo moja tu rimu inapinda. Chukua 225/45R17: kipenyo chake ni kama milimita 634, sawa na la zamani, spidomita haitadanganya.

Kazi ipo kwenye nafasi. Funga moja mbele, kata usukani mpaka mwisho pande zote, kisha pitisha kidole kati ya tairi na shokapu. Kisipopita, spesa (vipande vya chuma vya kusogeza gurudumu nje) za bei chee achana nazo, muone fundi wa alaimenti, yaani wa kunyoosha magurudumu. Nyuma jaribu ukiwa umepakia watu, fenda zinakwangua hapo.