Kompyuta imegoma baada ya kuongeza kifaa kipya? Usikimbilie kupiga Windows

Jana mashine ilikuwa nzima. Leo umeongeza RAM (kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa inafanya kazi), au umebadilisha diski, au umechomeka kadi ya grafiki uliyoipigania tangu mwisho wa mwezi, na sasa inawaka nusu, inajizima, inajiwasha yenyewe, au inakuletea skrini ya bluu kabla hata hujaandika nywila. Ukiuliza, jibu utakalopewa na wengi ni moja: "Ilete tupige Windows," yaani waifute na kuiweka upya.

Naomba usikubali haraka. Nipo kwenye kazi hii ya kutengeneza kompyuta hapa Dar es Salaam, na kinachoniuma kuliko vyote ni mashine inayofika mezani kwangu ikiwa imeshapigwa Windows, tena zaidi ya mara moja, kwa tatizo ambalo halikuwa la Windows hata kidogo. Picha za harusi za watu zimefutika, hesabu za duka zimefutika, na skrini ya bluu ipo palepale. Na kuna ubaya mwingine ambao wengi hawauoni: ukipiga Windows kwenye mashine yenye RAM mbovu, mafaili yanaandikwa yakiwa yameharibika tangu mwanzo. Ukija kuitoa hiyo RAM baadaye, mfumo wenyewe umeshakuwa mgonjwa, na sasa una matatizo mawili badala ya moja.

Swali ninaloanza nalo siku zote ni hili: inafia wapi? Kabla nembo ya kampuni haijatokea? Kwenye vile vidoti vinavyozunguka? Au inafika kwenye deski, inakaa kidogo, ndipo inakata? Hizo ni sehemu tatu tofauti na kila moja ina washukiwa wake. Mteja akiniambia tu "haiwaki", namwomba anirekodie video kwa simu kuanzia anapobonyeza kitufe, na sauti iwepo.

Kabla ya yote, toa ulichoweka. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha rudisha mashine kama ilivyokuwa. Ikiwaka vizuri, umeshajua upande wa kutafuta. Isipowaka, basi kuna kitu mkono wako ulikigusa wakati unafungua: waya wa umeme wa prosesa umelegea, kebo ya diski imechomoka kidogo, au RAM ya zamani haijakaa sawasawa. RAM lazima iingie mpaka vibanio vilie "ta!" Ukiona upande mmoja umeinuka hata unene wa ukucha, hiyo haijaingia.

Kama skrini ni nyeusi tangu mwanzo, sikiliza na tazama taa. Kwenye mashine nyingi za Dell za ofisini kitufe cha kuwashia huwaka rangi ya chungwa kwa mpangilio maalumu, na kwenye HP nyingi taa nyekundu hupepesa pamoja na milio. Hesabu mipepeso hiyo kisha tafuta mwongozo wa modeli yako hasa, maana mpangilio hutofautiana kati ya modeli na modeli. Na kama ulichoongeza ni kadi ya grafiki, angalia waya wa monita umechomekwa wapi. Mashine nyingi zikishaona kadi mpya huzima tundu la picha la mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa hiyo kompyuta inaweza kuwa imewaka vizuri kabisa na wewe unatazama tundu lililolala.

Sasa RAM, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko watu wanakopoteza hela zaidi. DDR3 na DDR4, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, haziingiliani. Pengo la chini liko mahali tofauti, na DDR3 ya kompyuta ya mezani ina pini 240 wakati DDR4 ina 288. Hapo sloti yenyewe itakukatalia. Mtego uko kwa RAM za seva. Zinauzwa bei nzuri, GB nyingi, zinaingia kwenye sloti ya kawaida bila kulazimishwa, na kompyuta ya kawaida ya mezani haiwaki nazo. Dawa ni kusoma lebo. Utaona maandishi kama PC3-12800U au PC3-12800R. Herufi ya mwisho ndiyo yenye habari: U ni ya kompyuta ya kawaida ya mezani, S ni ya laptop, R ni ya seva. Watu wanasoma GB na bei, wanaiacha ile herufi moja, na ndiyo inayowarudisha dukani.

RAM mbovu inayowaka ni mbaya zaidi kuliko isiyowaka, kwa sababu inadanganya. Dada mmoja mwenye steshenari aliniletea mashine yake katikati ya msimu wa wanafunzi kuomba mkopo, foleni imejaa mlangoni. Alikuwa ameongezewa kipande cha GB 8 pembeni ya kile cha zamani. Asubuhi skrini ya bluu inasema MEMORY_MANAGEMENT, mchana inasema PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, jioni IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Alikuwa ameshaambiwa ni virusi. Ukiona ujumbe unabadilika kila mara bila mpangilio, na RAM ndiyo uliyoongeza, mshukiwa wako wa kwanza ni RAM. Draiva mbovu, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa, mara nyingi hurudia kosa lilelile. Kumbukumbu mbovu huharibu chochote kilichopita juu yake, leo hiki, kesho kile.

Namna ya kuthibitisha: acha kipande kimoja tu, weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa mashine kutoka kwenye flashi hiyo na iache izunguke usiku mzima. Kisha kipande kingine, peke yake. Kosa hata moja likitokea, usijipe moyo. Rudia kwenye sloti nyingine, na likijitokeza tena kipande hicho hakifai. Ile programu ya Windows yenyewe, unayoifungua kwa kuandika mdsched, inasaidia kwa haraka lakini huwa inapitisha vipande ambavyo MemTest86 inavikamata. Na kama kila kipande kinapita kikiwa peke yake ila vikikaa pamoja mashine inaanguka, hapo havipatani. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguka kabla ya Windows), zima XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM) kama ipo, virudi kwenye kasi ya kawaida, ujaribu tena. Kwa yule dada, kile kipande kipya kilionyesha makosa mapema sana. Tukakitoa, akarudi kwa wanafunzi wake siku ileile, mafaili yake yote yapo.

Kwenye kadi za grafiki, anza na hesabu ya umeme. Sloti ya kadi hutoa wati 75 na si zaidi. Kadi yenye tundu la pini 6 inaongezewa 75 nyingine, la pini 8 linaongeza 150. Sasa chukua zile Dell OptiPlex 7010 ndogo ambazo mjini zimejaa: pawa saplai yake, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani, ni wati 240 kwa kila kitu, prosesa, diski, feni, vyote. Kadi kama GTX 1050 Ti, ambayo kwa kawaida hula wati 75, inaweza kuishi humo ukipata ile fupi inayoenea kwenye kasha. Kadi kubwa inayodai pini 8 haina maisha humo.

Kuna adapta zinazochukua umeme kutoka waya wa diski ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) na kuugeuza kuwa pini 6 au 8. Nazichukia na sababu ni hii: tundu la SATA lina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5, jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Unalidai wati 75 au 150. Plastiki inaanza kuwa ya kahawia, kisha inayeyuka. Nimeshazishika zikiwa zimenata kabisa. Kama kadi yako inahitaji waya ambao pawa saplai yako haina, huo ndio ujumbe kwamba pawa saplai haitoshi.

Dalili ya umeme kupungua ni kukata ghafla, pap, bila skrini ya bluu, mara nyingi pale kadi inapopewa kazi: deski inapotokea au mchezo unapofunguka. Watu wengine hufungua kumbukumbu za matukio za Windows, wanaona Kernel-Power namba 41, na wanaamua moja kwa moja kwamba pawa saplai imekufa. Hiyo namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Sababu haisemi. Na ukinunua pawa saplai ya mtumba iliyotoka Marekani, tazama nyuma kama ina kile kiswichi chekundu. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio mmoja tu.

Mashine ikifika kwenye vidoti ndipo ianguke, jaribu Safe Mode, ambapo Windows huwaka na vitu vya lazima tu, kabla ya kufikiria kufuta chochote. Izime kwa nguvu inapoanza kuwaka, mara mbili mfululizo. Mara ya tatu Windows italeta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, na ubonyeze 4. Ikikaa imetulia humo, kifaa chenyewe pengine ni kizima na ugomvi ni wa draiva. Ondoa draiva ya zamani ya grafiki kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha weka mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kadi.

Diski mpya ina kisa chake, na hiki ndicho kinachofutisha data za watu bure. Kijana mmoja mhariri wa video za sherehe aliongeza SSD (diski ya kasi), mashine ikasumbua, fundi akachomoa ile betri ndogo ya BIOS "ili ijisahihishe". Kuanzia hapo kila akiwasha: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Akaambiwa Windows imekufa. Haikuwa imekufa. Betri ilipotoka, BIOS ilirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na namna ya kuendesha SATA ikabadilika kutoka AHCI kwenda RAID, njia mbili tofauti za mashine kuwasiliana na diski. Windows ilikuwa imezoea njia moja, ikafungiwa hiyo njia. Niliingia BIOS, nikarudisha AHCI, nikahifadhi, ikawaka na kazi zake zote za mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya kugusa betri hiyo, au kubonyeza chochote kinachorudisha mipangilio ya mwanzo, piga picha kwa simu kila ukurasa wa BIOS. Na kama umehamisha Windows kutoka diski ya zamani kwenda mpya, chomoa ile ya zamani unapowasha mara ya kwanza, zisije zikachanganyana.

Kuna mambo mawili ya kufanya kabla hujashika bisibisi, na ni rahisi sana. Kuanzia Windows 8, ukibonyeza Shut down mashine kwa kawaida haizimi kabisa. Inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka. Ukibadilisha vifaa katikati, inaamka ikiwa na kumbukumbu ya vifaa vya jana. Shikilia Shift unapobonyeza Shut down, hapo inazima kweli. La pili ni BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo. Laptop nyingi za Windows 11 zina diski iliyofungwa kwa siri bila mwenyewe kujua, na mabadiliko ya vifaa au ya BIOS yanaweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft ukiwa bado una mashine inayowaka, uandike ufunguo huo kwenye karatasi. Bila huo ufunguo hakuna fundi atakayekurudishia mafaili yako, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuchukulia hela.

Kama bado hujapata jibu, fungua folda ya Minidump iliyo ndani ya folda ya Windows kwenye diski C. Skrini ya bluu kwa kawaida huacha faili humo, na programu ndogo ya bure inayoitwa BlueScreenView itakuonyesha ni draiva ipi ilikuwepo wakati wa kuanguka. Haitoi hukumu kila mara, ila inapunguza kubahatisha.

Ikithibitika kwamba kifaa ndicho kibovu, kirudishe mapema, stika ya dhamana ikiwa haijaguswa. Usiende na maneno matupu. Nenda na picha ya simu ya MemTest86 ikiwa na mistari yake myekundu, au video ya mashine ikikata na kadi na ikitulia bila kadi. Wauzaji wengi Kariakoo wakiona hivyo hawabishani sana. Akikupa nyingine, soma lebo palepale kaunta, herufi ile ya mwisho, na kama mashine inabebeka nenda nayo uiwashe mbele yake kabla hujatoka dukani.