Bingwa ni nani? Barua kwa mwanangu aliye Dar

Portland, Maine, Aprili 2025

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako naye akiusikia kutoka jikoni na kucheka. Unasema uliwaonyesha wenzako wa kazini picha yangu ndani ya TD Garden, uwanja ule wa Boston, nimevaa jezi ya buluu ya Chuo Kikuu cha Maine, ukawatangazia kwamba tumetwaa ubingwa wa Hockey East, ligi ya hoki ya barafu ya vyuo vya huku. Yule shabiki wa Yanga akakubana. Aliyeongoza ligi nani? Boston College. Bingwa nani? Maine. "Basi hilo ni bonanza!" Ukakosa la kusema, ukanirushia mimi: "Baba, ni haki kweli timu iongoze msimu mzima halafu mechi moja iitoe?"

Mwambie kwanza Boston College, BC kwa kifupi, hawakuibiwa kitu. Kuongoza msimamo kuna kombe lake, na wao wanalo. Tulilobeba sisi ni Kombe la Lamoriello, lenye jina la kamishna wa kwanza wa ligi hii, na hilo tangu 1985 ni la mtoano. Kwenu huko ni kama Ligi Kuu na Kombe la FA. Tofauti ni kwamba huku mtu akikwambia "bingwa wa Hockey East" bila maelezo, anamaanisha wa mtoano. Hapo ndipo mwenzako alipojikwaa, na simlaumu, mimi mwenyewe ilinichukua miaka kuzoea.

Timu ziko 11. Tano za juu zinapumzika raundi ya kwanza, sita za chini zinatoana. Robo fainali inachezwa nyumbani kwa aliye juu zaidi kwenye msimamo, kwa hiyo ile miezi ya kukusanya pointi haikupotea bure: imekununulia mapumziko na kelele za mashabiki wako. Nne zinazobaki zinakwenda Boston. Marudiano hakuna.

Sasa sikiliza habari ya timu ya chuo cha Northeastern. Mwaka huu walikuwa chini huko, wakaanzia raundi ya kwanza. Wakapita. Wakaenda nyumbani kwa BC, vinara wenyewe, wakawapiga 3-1. Nusu fainali wakakutana na sisi.

Mechi hiyo niliitazamia kazini. Unaujua uwanja wetu, unajua zamu ya usiku ilivyo: watu wazima wenye vitambi wanakodi barafu kucheza, na sisi tunasubiri watoke tuifue, yaani tuikwangue na kuimwagia maji iwe laini tena. Mwenzangu aliegemeza simu kwenye usukani wa ile mashine ya kufulia barafu. Dakika 60 zikaisha, sare. Kwenye mtoano hakuna penalti, wala hawapunguzi wachezaji kama wanavyofanya kwenye mechi za ligi. Wanarudi vyumbani, barafu inafuliwa upya, kisha dakika 20 nyingine watano kwa watano na makipa wao, na bao la kwanza ndilo la mwisho. Zikaisha hizo nazo, hola. Barafu ikafuliwa tena.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini tunamwaga maji ya moto juu ya barafu, nami nikawa nakujibu "ndivyo walivyonifundisha". Siku hizi najua. Kisu cha mashine kinakwangua tabaka jembamba lililochakazwa na viatu, yale makwangu yanabebwa juu kwenye tangi, na nyuma kitambaa kinapaka maji ya moto. Maji ya moto yanayeyusha uso wa barafu kidogo, ya juu na ya chini yanashikana, yakiganda yanakuwa kitu kimoja, kigumu na kinachong'aa. Ya baridi yanaganda juu juu, yanabanduka kama rangi mbaya ya ukuta. Mimi niliyekulia Kigoma barafu niliijua ya kwenye kasha la migebuka. Sikujua kama nayo ina fundi wake. Basi nilipoona mashine zinaingia pale Garden kwa mara nyingine, nikawatazama madereva badala ya kuwatazama wachezaji. Mwenzangu akanisonya.

Tulishinda 4-3, katika muda wa nyongeza wa pili.

Na hapa ndipo lilipo jibu lako. Mashindano ya taifa ya vyuo yanachukua timu 16. Sita ni mabingwa wa mitoano ya ligi zao, kumi zinapatikana kwa hesabu ya matokeo ya msimu mzima. BC walipotolewa na Northeastern hawakurudi nyumbani kulala. Hesabu zao zilikuwa nzuri mno, wakaenda taifa wakiwa namba moja kati ya wote 16. Sisi pia tungekwenda hata tungefungwa. Northeastern hesabu hazikuwabeba. Kwao mlango ulikuwa mmoja tu, ule wa kombe, na walifika wakiushika kitasa. Sasa nieleze, ukiufunga mlango huo kwa sababu eti vinara wameonewa, umemtendea nani haki? Kinara ana milango miwili tayari.

Mwambie pia kwamba wakubwa wana dawa yao, wakitaka. Zamani raundi hizi za mwanzo zilichezwa hadi mechi tatu, anayeshinda mbili anapita. Machi 2015 Chuo Kikuu cha Massachusetts, waliokuwa mkiani, walikwenda kwa Notre Dame na kucheza mechi ndefu kuliko zote katika historia ya hoki ya barafu ya vyuo vya Marekani: nyongeza tano, dakika 151 na sekunde 42. Wakashinda 4-3. Wewe ungedhani wameshapita. Notre Dame wakashinda mbili zilizofuata, na Massachusetts wakapanda basi la kurudi kwao. Mechi tatu humtafuta mwenye nguvu. Mimi napenda moja. Najua pesa nazo zinasema, Garden inabeba watu zaidi ya 17,000 na tiketi si za bure, lakini hata uwanja ungekuwa wa watu mia mbili ningependa moja.

Fainali nilikwenda, kama ulivyoona. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 21 Machi, tukaondoka Portland mapema kukwepa foleni. Tuliwafunga Connecticut 5-2. Kabla ya hapo kombe hili Maine walilichukua mara ya mwisho 2004, kwa nyongeza tatu, dhidi ya Massachusetts haohao. Wakati huo sisi tulikuwa bado Kigoma na wewe hujajua kutembea vizuri. Kipenga cha mwisho kilipolia mzee mmoja jirani yangu, simjui hanijui, alinikumbatia hadi kofia ikadondoka. Ile picha ni yeye aliyeipiga, ndiyo maana imekwenda upande.

Wiki moja baadaye, huko Allentown, Penn State wakatufunga 5-1 na safari ya taifa ikaishia hapo. Hilo sikukutumia picha. Usimwambie yule wa Yanga, au mwambie akiwa wao wamefungwa.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama kuna mtu anasafiri kuja huku ambebee dagaa wa Kigoma, si wa Mwanza. Na huyo mwenzako mwambie akipata viza aje Machi. Tiketi ya Boston nitamlipia mimi. Koti ajitafutie.

Baba yako