Jibu: Mahali pa kuvutia kiko cha tumbaku wakati wa kipupwe

Ndugu yangu, umeuliza ukae wapi na kiko chako jioni za kipupwe, kwa kuwa roshani yenu ya Upanga inapigwa na upepo na mama watoto hataki moshi ndani kwa ajili ya mtoto mchanga. Katika hilo la mwisho ana haki kabisa, na kufungua dirisha hakutoshi.

Baridi yetu ya Dar es Salaam si tatizo, maana hata usiku wa Julai joto halishuki sana chini ya nyuzi 18. Kinachokusumbua ni kusi, upepo unaovuma kutoka kusini na kusini-mashariki, ambao huchochea tumbaku iwake kwa kasi, kiko kikapata moto kupita kiasi na ulimi ukaungua. Kwa hiyo shuka uwani, ukae upande wa kaskazini au magharibi wa jengo, ukuta ukiwa mgongoni mwako, mbali na madirisha ya majirani. Mimi hukaa hivyo kwenye kigoda baada ya isha, kikoi mabegani, na kiko kimoja hunichukua karibu saa nzima kwa sababu sikivuti kwa pupa. Kifuniko cha chuma chenye matundu, cha kufunika kiko, nacho kinafaa sana, kwani huzuia cheche zisiruke.

Mikahawa usiitegemee, kwa kuwa sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inabana uvutaji katika maeneo ya umma. Ufukwe wa Coco nao, majira haya, usijisumbue kuujaribu: pale upepo haukingwi na kitu.