Maswali ya Wasomaji: Afisa wa Wanyamapori Anapobisha Hodi

SWALI: Mhariri, salaam. Ninafuga kobe bapa karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, na leseni yangu ya ufugaji ni halali. Mwezi uliopita maafisa wawili wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) walifika bila taarifa, wakahesabu kobe wote na kukuta watano zaidi ya idadi iliyo kwenye ripoti yangu ya mwisho. Hao watano ni vitoto vilivyoanguliwa baada ya ripoti ile, ila sikuwa nimeviandika popote. Nimepewa siku 14 nijieleze kwa maandishi. Jirani mmoja ananishauri nitoe kitu kidogo mambo yaishe. Mwingine anasema nisiwafungulie tena lango. Je, mfugaji na askari wa wanyamapori wanaweza kweli kufanya kazi pamoja? (Mfugaji, Mwingi)

JIBU: Ndugu Mfugaji, ushauri wa jirani wa kwanza uache palepale ulipoupata, kwa sababu ulichonacho sasa ni upungufu wa daftari, na ukitoa hongo utakuwa umejiongezea kosa kubwa zaidi kwa mkono wako mwenyewe. Wa pili naye hakusaidii. Kama barua uliyopewa inataja mashtaka, mtafute wakili kabla hujaandika neno, maana hiyo ni haki yako; lakini lango usilifunge. Mwenye leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 anatarajiwa kukaguliwa, na lango lililofungwa humfanya afisa arudi na wenzake wengi zaidi.

Hebu litazame jambo hili kwa jicho la afisa aliyesimama uani kwako. Kobe bapa kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja, na yai hilo hukaa miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Vitoto vitano basi ni kama mitago mitano, nawe huna mstari hata mmoja unaoonyesha ni majike gani waliotaga, wala lini. Afisa huyo anajua pia kwamba kobe hawa huishi kwenye nyufa za miamba, na kwamba walanguzi huwatoa kwa kuubomoa mwamba kwa mtaimbo, hata ufa ambao ungewahifadhi kobe wa vizazi vijavyo ukaharibika kabisa. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, zilimhamishia kobe bapa katika Kiambatisho cha Kwanza, ambako biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini imepigwa marufuku, na shamba linalotaka kuuza nje waliozaliwa humo sharti kwanza liandikishwe kwenye sekretarieti ya mkataba huo. Kwa mlanguzi, hakuna maficho mazuri kuliko shamba lenye leseni: kobe wa porini huingia usiku na asubuhi akaitwa mtoto wa shambani. Kwa hiyo afisa aliyekuuliza vitoto hivi vimetoka wapi hakukuonea. Angekuwa mzembe kama asingeuliza.

Nilipokuwa nikifuga kule pwani, kila yai nililiandika kwa penseli papo hapo lilipolala, namba ya mama na tarehe, bila kuligeuza, kwa sababu yai la kobe likishakaa hata siku chache kijusi hujishikiza upande wa juu na kuligeuza ni kukiua. Namba ile ilihamia kwenye kisanduku cha kuangulia, kisha daftarini, kisha kwenye picha ya tumbo la kitoto, maana michoro ya gamba la chini hutofautiana kati ya kobe na kobe. Alipokua vya kutosha, daktari wa mifugo alimtia chipu ndogo mfano wa punje ya mchele, na tangu siku hiyo ukaguzi ulikuwa ni kupitisha kisomeo na kusubiri mlio. Hata hivyo nilinaswa mara moja, na kosa lilikuwa langu: kobe mmoja alikufa nikamzika bila kuandika. Afisa alipokuta pungufu ya mmoja aliliandika kama mnyama aliyeuzwa, na ilinichukua wiki tatu kumshawishi kwamba yumo ardhini chini ya mwarobaini. Wafugaji wengi hukumbuka kuandika vizazi, wakasahau vifo.

Katika barua yako, kiri wazi kwamba hukuandika kwa wakati, kisha eleza unachoweza kukithibitisha: majike waliotaga, tarehe unazozikumbuka, picha za simu (ambazo mara nyingi hubeba tarehe zake zenyewe), hata maganda ya mayai kama bado yapo. Usibuni tarehe ili jedwali lionekane limekamilika. Waombe warudi pamoja na daktari wa mifugo, vitoto vitiwe alama mbele yao.

Ukishatoka hapo, una kitu cha kuwapa ambacho si hongo. Maafisa wengi wamefunzwa zaidi habari za ndovu na vifaru. Niliwahi kumwona kijana mmoja, hodari kabisa wa bunduki na nyayo, akimshika kobe kama mtu anayeepua sufuria bila kishikio. Wewe unaweza kuwafundisha kwa nusu siku jinsi ya kumtambua aliyetoka porini: gamba lililokwanguliwa na mawe, kupe kwenye mikunjo ya miguu, ilhali aliyekulia bandani mara nyingi huwa na gamba lisilo na mikwaruzo, wakati mwingine lenye vinundu vinavyotokana na lishe. Dalili hizi peke yake hazitoshi mahakamani, lakini humsaidia afisa wa kituo cha mpakani kuamua ni sanduku lipi lifunguliwe. Kule Watamu, kituo cha nyoka cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, kimejijengea jina kwa kazi ya namna hiyo hiyo: kuwaondoa nyoka majumbani mwa watu na kuwafundisha wahudumu wa afya juu ya kuumwa na nyoka.

Sharti ni moja. Wakikuomba uwatunzie kobe waliokamatwa, pokea kwa maandishi tu, watenge mbali na wako kwa sababu ya maradhi, na usiwazalishe, kwa kuwa hao ni vielelezo vya mahakama hata wakikaa kwako miaka miwili.

SWALI: Bibi yangu ameacha kobe mkubwa mwenye madoadoa, aliyekaa uani kwetu Kilifi tangu mimi sijazaliwa. Hana karatasi yoyote. Nikimwachia msituni usiku, si yataisha? (Mjukuu)

JIBU: Pole kwa msiba. Hapana, usimwachie. Kobe aliyelelewa na maganda ya ndizi kwa miongo mitatu anaweza kuwapelekea wa porini maradhi, na yeye mwenyewe huenda asidumu. Wala usimpakie kwenye matatu kumpeleka ofisini, kwa sababu ukisimamishwa njiani utaonekana ni msafirishaji. Piga simu au nenda mikono mitupu katika ofisi ya KWS iliyo karibu, ukiwa na picha zake na maelezo mafupi yaliyotiwa sahihi na mtu mzima wa nyumbani na mzee wa mtaa, kwamba mnyama alikuwa wa marehemu na kwamba unaomba maelekezo. Siwezi kukuahidi watakavyoamua, lakini aliyekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na aliyefumaniwa. Na usidhani mnyama mdogo hana uzito mahakamani: Mei 2025 vijana wawili kutoka Ubelgiji, waliokutwa Kenya na sisimizi wapatao 5,000, walitozwa faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja.

SWALI: Ninaongoza watalii usiku kutazama vinyonga huku Lushoto. Mgeni mmoja ananiomba nimuuzie jozi ya wenye pembe. Nimekataa, ila naogopa kuripoti nisije nikaonekana mchongezi na wageni wakanikimbia. (Kiongozi wa Watalii)

JIBU: Umefanya vema kukataa. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi mwaka 2016, na vinyonga wa milima yenu wanajulikana mno duniani kiasi kwamba jenasi yao moja (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ilipewa mwaka 2006 jina la Kinyongia, kutoka katika neno letu wenyewe. Ripoti kwa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania, au kwa ofisi ya hifadhi ya Magamba kama mazungumzo yalifanyika humo: tarehe, namba ya simu aliyokupa, maneno aliyoyatumia, bei aliyoitaja. Omba jina lako lisitajwe. Usijifanye mnunuzi wala usimtegee mtego, kwani siku watakapomkuta na mfuko wewe pia utakuwa umesimama kando yake, na itakubidi ueleze ulikuwa upande gani.