Wifi zangu wanataka nipake piko

SWALI: Nina miaka 51. Kila harusi wifi zangu hunisema kuwa nimejiachia, nifiche mvi. Mara ya mwisho nilipopaka piko, kichwa kiliwasha na kope zikavimba. Nibadilishe aina?

JIBU: Hapana, dada. Usipake tena rangi nyeusi yoyote kabla ya kumwona daktari wa ngozi. Piko na rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD, ambayo kwenye boksi huweza kuandikwa p-phenylenediamine. Mwili ukishaikataa, kwa kawaida huendelea kuikataa, na mara inayofuata huweza kuwa kali zaidi. Ukivimba uso au pumzi zikibana, nenda hospitali hapo hapo.

Jihadhari na "hina nyeusi", maana mara nyingi imetiwa PPD hiyo hiyo. Hina halisi hugeuza mvi kuwa za rangi ya chungwa au nyekundu. Ukiitaka, paka kidogo ndani ya kiwiko, suuza, kisha subiri saa 48. Ngozi ikiwasha, iache.

Ukiamua kuacha mvi zikue, nywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mpaka wa rangi mbili utaonekana muda mrefu. Kata fupi, au suka huku ukipunguza ncha.

Kaka zao wenye mvi huitwa watu wazima wenye heshima. Wewe unaambiwa umejiachia. Si haki hata kidogo. Wajibu waziwazi: "Wifi, dawa ile ilinivimbisha macho. Sipaki tena."