Ameniahidi nafasi ya kwanza Google kwa laki nne. Nimlipe?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, na mwaka jana nilitengenezewa tovuti. Tatizo ni kwamba majirani zangu wawili wana tovuti pacha na yangu, hadi picha za makochi ni zilezile. Kuna kijana anataka laki nne anifanyie SEO, yaani kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, niwe wa kwanza Google, na aniwekee picha zinazotembea ili nijitofautishe. Nimpe?
Fundi seremala, Keko

JIBU: Usimpe, kaka.

Kijana huyo simjui, ila maneno yake nimeyasikia hadi nimechoka. Mchezo unaoniudhi kuliko yote ni huu: siku ya kukabidhi kazi anaomba simu yako, anaandika Google jina la karakana yako, na wewe huyo, juu kabisa! Unafurahi, unamalizia hela. Sasa nani mwingine ana jina hilo? Hata asingegusa kitu ungetokea wewe. Mteja asiyekujua haandiki jina lako. Anaandika "kabati la mninga milango mitatu bei". Mwambie kijana atafute hivyo, tena kwenye simu ya mtu ambaye hajawahi kufungua tovuti yako, uone kama hatapata msiba wa ghafla. Wajanja zaidi hukununulia tangazo la siku chache wakakuonyesha kama ndiyo matokeo ya kazi yao. Hela ya tangazo ikiisha, na wewe umeshuka.

Google wenyewe wameandika kwenye miongozo yao kwamba hakuna awezaye kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Na nafasi hiyo si kiti kimoja. Kwa biashara yenye mahali pake kama karakana, wanaangalia unachouza kinaendana vipi na kilichotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na unajulikana kiasi gani. Aliyeko Chang'ombe na aliyeko Bunju wanaweza kuona orodha tofauti kabisa. Kijana atahakikisha ipi?

Mara nyingi laki nne hiyo inaishia kwenye kurundika maneno "samani bora, samani nafuu" ndani ya msimbo wa ukurasa, kwenye sehemu iliyofichwa iitwayo "meta keywords", ambayo Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Au anayaandika kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, mteja asiyaone. Hilo ni kosa kwa sheria zao, na linaweza kukushusha au kukufuta kabisa. Umelipa ili ufichwe!

Picha zinazotembea ziache. Zinakula bando la mteja, na anayesubiri ukurasa ufunguke anarudi Instagram.

Cha kukutofautisha unacho hapo karakanani. Makochi yaliyo kwenye tovuti zenu tatu yamepakuliwa mtandaoni. Mteja anajua sebule ile ya marumaru haiko Keko. Subiri mwanga wa asubuhi, piga picha droo yako ikiwa wazi, ile pembe uliyoiunga kwa mikia (meno ya mbao yanayoshikana) badala ya misumari ionekane. Piga na mbao kabla ya kupigwa vanishi, maana anayelipia mninga hofu yake ni kuuziwa mbao laini iliyopakwa rangi. Picha moja ya simu inaweza kufika MB 4. Ipunguze iwe chini ya KB 200 kabla ya kuiweka. Chini yake andika vipimo, aina ya mbao, siku za kutengeneza, malipo ya awali, na nani anapandisha kabati ghorofa ya tatu. Andika na bei, hata kama ni ya kuanzia. Majirani zako wote wanasema "njoo inbox", na hapo ndipo utawaacha. Kisha jiandikishe kwenye ramani ya Google. Ni bure, hauhitaji kijana.

Ila kuna jambo linalonitisha zaidi ya laki nne yako, nalo ni kwa kila mwenye biashara ndogo. Jina la tovuti yako limesajiliwa kwa nani? Mteja wangu mmoja mwenye saluni aligundua kwamba jina lake la .co.tz, barua pepe na hata ukurasa wa ramani vyote viko kwa fundi aliyehama mji na kubadili namba. Ameanza upya na jina jingine, huku vipeperushi na ubao wa dukani vikiwa na lile la zamani. Na hawa wanaoahidi nafasi ya kwanza ndio hununua pia nyota tano na maoni ya uongo kwenye ukurasa wako wa ramani. Google wakiyabaini wanayafuta, na doa linabaki kwako.

Kwa hiyo leo, kabla ya picha na bei, mpigie aliyekutengenezea tovuti. Mwombe nywila zote, na akuonyeshe kwamba jina limesajiliwa kwa barua pepe yako. Akianza kuzungusha maneno, usisubiri hadi wakati wa kulipia jina tena ufike.